Mahindi Yakichanua

Jirani anachemsha majani ya mikaratusi, na harufu yake inanipandisha hasira hadi leo.

Kila mahindi yetu kijijini Nzahaha yalipochanua, nilipiga chafya mfululizo na macho yakavimba. Papa alisema ni uvivu. Shangazi akanifunika blanketi juu ya sufuria ya majani hayo, mvuke ukanibabua shingo.

Mwishowe Maman alivuka daraja la mpakani hadi Bukavu, akaleta vidonge vya mzio. Kesho yake macho yangu yalifunguka.

“Papa, haikukuwa uvivu,” nikamwambia.

“Kama umepona, kamata jembe.”

Maman akasimama kati yetu. “Huyu mutoto hataenda tena mu mahindi. Enda wewe mwenyewe.”

Papa alichukua jembe, akaenda. Hakuniomba msamaha siku ile, wala alipozeeka.