Masikio ya Mnyama Asiyekuwepo

Kaka yangu alikuwa na msemo mmoja kuhusu masomo ya binti yake, na aliurudia kwa kila aliyemuuliza: "Yule anasomea vitu visivyokuwepo." Aliusema nje ya kanisa baada ya misa, akausema kwenye foleni ya kuuza kahawa, akausema hata mbele ya binti mwenyewe akiwa amerudi likizo. Wala haukuwa utani. Kaka ni katekista huko Muleba, mtu wa kibanja chake cha migomba na kahawa, na kwake neno likisemwa ama ni kweli ama ni uongo. Mambo ya njozi aliyatupa kwenye fungu la uongo bila hata kuyasikiliza.

Nami, niseme ukweli, sikuwa mbali naye. Nimefundisha hisabati shule ya msingi mpaka nikastaafu, na ninapenda swali lenye jibu nyuma ya kitabu. Kwa hiyo binti huyo alipokuja kukaa kwangu Kahororo na begi lililojaa penseli na karatasi nyeupe, akaniambia anafanya utafiti wa chuo kuhusu jinsi watu wanavyoviona akilini vitu ambavyo macho yao hayajawahi kuviona, nilimuuliza kama huko chuoni mada zilikuwa zimekwisha.

Akacheka. "Zilikuwepo, shangazi. Nimeiacha hata ya mbolea ili nipate hii."

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Kuna hadithi ambayo mama yetu alikuwa akitusimulia mimi na kaka yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, jioni wakati wa kumenya ndizi. Ni ya mnyama aliyelala juu ya chemchemi ya kijiji. Hajawahi kujiona, kwa sababu kila akiinama kujitazama, pumzi yake inayavuruga maji. Basi kila anayekuja kuteka anaulizwa, "Niambie, nikoje?" Anayemsifu anamezwa, anayemtukana anamezwa. Mpaka siku moja msichana anamsogelea, anamnong'oneza sikioni, mnyama analia, anaondoka, na maji yanarudi. Msichana alimwambia nini? Hadithi haisemi. Mnyama alifananaje? Haisemi pia. Tulimsumbua mama sana kwa hilo, naye alikuwa akitujibu kwamba ndizi bado hazijamenywa.

Binti alitaka hadithi hiyo moja isimuliwe kwa watu wa sehemu tofauti, kisha kila mtu apewe penseli na karatasi amchore huyo mnyama, bila kuchungulia kwa jirani. Halafu yeye akae na michoro hiyo aone kila mmoja ametoa nini kichwani mwake. Msimuliaji alikuwa ameshampata. Nilikuwa mimi.

Nilikataa. Alinipikia siku kadhaa mfululizo, nikakubali, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Mwisho tutakwenda nyumbani," akaniambia. "Nataka baba naye achore."

Nikamwambia baba yake atachora siku kuku watakapoota meno. Hakucheka safari hii. "Shangazi, watu wote wakiisifu kazi yangu, halafu baba akafa anaamini nilipoteza miaka yangu, nitakuwa nimemaliza chuo kweli?" Nikamwambia afunge begi lake twende.

Tulianza Nshambya, sebuleni kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Wasikilizaji walikuwa majirani zake, watu wa migomba na bustani. Binti akaweka simu mezani irekodi, akawaomba kwa adabu wote wanyamaze mpaka mwisho, kwa sababu msimamizi wake alitaka sauti safi. Wakanyamaza kama wako kwenye mtihani. Nami nikasimulia kama anayesoma matangazo ya kanisani. Nilipomaliza wakachora, wakakusanya, tukaagana. Nilifurahi kwamba kazi ilikuwa nyepesi namna ile.

Nyumbani akaipanga michoro sakafuni. Ng'ombe. Simba. Ng'ombe mwingine. Mamba aliyetoka moja kwa moja kwenye kitabu cha darasa la tatu, namjua, nimemfundisha. Mbuzi mmoja mwenye huzuni. Binti akakaa mbele yake, kidevu juu ya magoti.

"Hawakuona, shangazi."

"Nani aliwafumba macho?"

"Mimi. Niliwafumba midomo."

Hapo nami nikakaa. Kwetu hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Msimuliaji anasema, "Nkaija nabona," yaani nilikuja nikaona, na waliokaa wanamjibu, "Bona tulole," ona nasi tuone. Wanamtuma akaone kwa niaba yao. Wanamjibu mwanzoni na tena kila anapovuta pumzi, na asipojibiwa anajua wamesinzia, anaacha. Wale wa Nshambya walikuwa na jibu hilo mdomoni tangu utoto, na sisi wawili, Wahaya watupu, tukawaomba walimeze kwa ajili ya simu. Mimi niliyekua na desturi hiyo nilihisi tu kwamba ninaongea na ukuta. Yeye, kijana wa juzi, ndiye aliyelijua kosa kwa kutazama ng'ombe wawili na mbuzi.

Nilimshauri aandike alichopata, muda wenyewe ulikuwa umemkaba. Hapana. Asubuhi yake alisimama uani akampigia msimamizi wake. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia yote. Alisema amekosea, anaanza upya, na rekodi zake zitakuwa na kelele za watu kwa sababu kelele hizo ndizo utafiti wake. Aliomba radhi mara moja tu, kisha akawa anaeleza, kwa sauti tulivu, mpaka upande wa pili nao ukaanza kuuliza maswali. Nimefanya kazi na watu wazima wenye vyeo waliotetea upuuzi kwa sababu tu walikuwa wameshaumaliza. Siku ile nilimheshimu mtoto wa kaka yangu, na heshima ni kitu kingine mbali na mapenzi ya damu.

Kashai tulikaa kwenye ua wa nyumba ya vyumba vya kupanga, katikati ya ndoo na kamba za nguo. Wengine walikuwa Wahaya, wengine wa kuja, kwa hiyo binti aliwafundisha kwanza kujibu. Walijibu mpaka jirani wa ng'ambo ya ukuta akaja kuuliza kuna sherehe gani. Nami, sijui lilitoka wapi, nikajikuta namhemea mnyama kwa pua, namwinamisha, namburuta. Yule mwalimu wa hisabati alikuwa amebaki Kahororo.

Na michoro! Dereva wa bodaboda, kofia ngumu mapajani, alimpa mnyama jicho moja mbele linalomulika, na mwili mzima wa magoti, magoti matupu, kwa sababu, alisema, anayelala juu ya chemchemi ya baridi lazima aumwe magoti. Mama anayekaanga mandazi alimpa tumbo lililojaa nyuso za waliomezwa, zote zinatazama nje, na mmoja wao anacheka. Nikamuuliza huyo anachekea nini.

"Huyo ameshazoea," akanijibu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na picha hiyo kichwani. Ninayo mpaka leo.

Kisha tukaenda visiwani Muleba, kwa mtumbwi wa injini, mimi nikiwa nimefumba macho safari nzima maana maji siyapendi. Kwenye mwalo ule, pale mitumbwi inapofikia, wengi ni wavuvi wa kutoka Mwanza, Mara na kwingine, pamoja na wanawake wanaonunua dagaa. Tuliwakuta wametoka kulala, dagaa wameanikwa mpaka mlangoni. Kihaya hawakijui, basi wakajibu kwa Kiswahili, "Ona nasi tuone!" Mchuuzi mmoja mwenye sauti akawa ananidai katikati ya hadithi: "Ona vizuri, mama, usituonee juu juu!" Nikaona vizuri. Niliogopa kumwudhi.

Mvuvi mmoja aliyekaa nyuma alichora chemchemi, nyasi zilizolala, mtungi uliopinduka na watu wanaokimbia. Katikati aliacha karatasi nyeupe. Binti akamuuliza mnyama yuko wapi.

"Si huyo hapo," akasema yule mvuvi, akigonga ule weupe kwa kidole. "Wewe humwoni?"

Binti alicheka mpaka akakaa mchangani. Nami nikautazama ule weupe, na jinsi nyasi zote zilivyolala kuukwepa, na nakuapia kulikuwa na kitu kizito pale.

Wakati wa kurudi alinieleza, na nilifumbua macho ili nimsikilize. Alisema hakuna aliyemuumba mnyama kutoka hewani. Kila mtu alipika alichokuwa nacho jikoni kwake, magoti yake, wateja wake, maji yake. Lakini chakula kilichotoka hakuna aliyewahi kukipika kabla. Akasema kwamba huko chuoni wanabishana kama njozi ni kuikimbia dunia, na yeye sasa anaona ni watu wanaoitazama dunia yao kwa ukaribu mno. Aliyasema hayo huku anafunika begi la michoro kwa koti lake, mwenyewe akilowa. Nilijisikia fahari hata nikaona aibu kidogo, maana sikuwa mimi niliyemzaa.

Zamu ya mwisho ikawa nyumbani kwa kaka. Ulikuwa msimu wa kahawa, majamvi yametandazwa uani. Wifi yangu alikuwa amepika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, majirani wakaja, wakajaa mabenchi. Kaka alitupokea vizuri, akatuuliza habari za safari, akabariki chakula. Alipoziona penseli zinatoka akasimama.

"Nyie endeleeni. Mimi nina kahawa ya kugeuza."

Akatoka. Nilimtazama binti, nikaona amebana midomo kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo asilie. Hasira ilinipanda. Nilitaka kumfuata mdogo wangu huko uani nikamkumbushe nani alimbeba mgongoni. Binti akanishika mkono.

"Mwache, shangazi. Simulia tu."

Nikasimulia, mlango uko wazi. Majirani wakanijibu kwa Kihaya, vizuri, wazee kwa vijana. Nje nilisikia reki ya kaka inapita kwenye kahawa, inakwenda, inarudi. Nilipofika pale msichana anapomsogelea mnyama, sikuisikia tena. Sikugeuka kutazama.

Watu walipomaliza kuchora, binti aliipanga michoro juu ya benchi. Kaka akaingia kunywa maji. Alikunywa amesimama, jicho pembeni, kama mtu anayepita sokoni asiyetaka kuuziwa. Akarudisha kikombe. Akapita benchi. Akarudi.

"Haya masikio kachora nani?"

"Mimi," akasema wifi.

"Yamesimama."

"Ndiyo yamesimama. Si anasikiliza?"

"Hayakusimama."

Wifi akaweka mkono kiunoni. "Baba watoto, wewe ulimwona wapi?"

Nilidhani atakasirika, atatukumbusha habari za kweli na uongo, na safari yetu itaishia hapo. Kaka alibaki ameinama juu ya ule mchoro.

"Yalikuwa yameanguka mbele," akasema polepole. "Makubwa, mazito, yamefunika macho. Ndiyo maana hakuweza kujiona. Pumzi ilikuwa kisingizio tu. Na yule msichana, ilibidi aliinue sikio kwa mikono miwili ndipo aseme. Wengine wote walisema wakiwa wamesimama mbali. Hakuwasikia hata mmoja."

Nimeijua hadithi hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwa nini wenye kumsifu na wenye kumtukana walimezwa sawasawa. Kumbe jibu lilikuwepo, mdogo wangu alikuwa nalo tangu tukimenya ndizi pamoja, na hakumwambia mtu.

"Mama hakusema hivyo," nikamwambia.

"Hakusema," akakubali katekista. "Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Nilimtazama binti yake, nikihofia atacheka, au atasema unaona baba. Mimi ningesema. Yeye alichukua penseli, akaichonga, akaiweka juu ya karatasi safi, akasogeza benchi kidogo.

Kaka akakaa. Alianza na sikio moja, akalifuta kwa kidole, akalianza tena. Alipofika mgongoni alikuwa amevua miwani na uso umekaribia kugusa karatasi. Nje kuku waliingia kwenye kahawa, tukawasikia wanavyoparura, wifi akanyanyuka nusu kisha akakaa tena. Majirani waliokuwa wameshaaga hawakuondoka.

Hatimaye akainua kichwa, akamtazama binti yake kwa uso wa mtu aliyeletewa kifaa kisichotosha kazi.

"Karatasi yako ndogo, mwanangu," akasema. "Mkia umebaki nje."

Binti akapiga magoti kando yake, akaunga karatasi ya pili kwa ile ya kwanza, akazishikilia kwa viganja vyote viwili zisiteleze, na baba yake akaendelea kuchora.