Zamu ya Tarumbeta

Jumamosi jioni, katika ukumbi wa kanisa huku mtaani Donholm, niliwakuta wazee waliopiga muziki katika bendi ya jeshi zamani wamekutana tena. Mmoja aliketi kando, tarumbeta mapajani.

“Njoo, afande,” mpiga ngoma alimwita.

“Meno yameisha. Nitapuliza na nini?”

“Njoo tu usimame nasi.”

Akaenda kusimama nao, wakaanza wimbo wa taratibu. Ilipofika zamu ya tarumbeta, wote walinyamaza wakamngoja. Mzee alifumba macho, akaimba sehemu yake kwa sauti nyembamba, vidole vikibonyeza tarumbeta kana kwamba inalia. Nje ya dirisha, akina mama waliokuwa wakianua nguo walisimama kusikiliza, mashuka mikononi.

Nikawafikiria wenzangu wa ofisini. Sijui nani kati yao angenyamaza hivyo akaningoja, zamu yangu ikifika nami siwezi tena.