Jina la Tonton Clovis kwenye Seva

Katika ghala la jumla la wafanyabiashara waliotoka Butembo, hapa Kisangani, hakuna asiyemjua Kyakimwa. Kompyuta ikinuna, anaitwa yeye. Asubuhi moja zikanuna zote kwa mkupuo: kila karani aliyefungua programu ya mizigo alipigwa na onyo jekundu kwamba seva haiaminiki. Na boti la kwenda Isangi lilikuwa limeshapakiwa, linangoja hati tu.

Kyakimwa alianza na saa ya seva, kama alivyofundishwa. Ilikuwa sawa. Akatazama cheti cha seva yenyewe, yaani kitambulisho chake mbele ya kompyuta nyingine, nacho kilikuwa hai. Ndipo akashuka hadi kwenye cheti cha mzizi, kile kinachodhamini vingine vyote. Kompyuta isipokiamini hicho, haimwamini mtu. Muda wake ulikuwa umekwisha. Na mahali pa jina la mtoaji paliandikwa Clovis Kambale.

Tonton Clovis, yaani Mjomba kama walivyomwita wote, ndiye aliyemfundisha kazi, enzi zile baiskeli za toleka, za kubeba watu na mizigo kwa malipo, zilipokuwa zimejaa barabara zote za Makiso. Hata seva ya kwanza waliileta kwa toleka kutoka bandarini, imefungwa kwa kitenge, wao wawili wakitembea ubavuni na kuishikilia mithili ya mgonjwa. Siku zile tamu! Mtandao ulikuwa wa kusuasua, lakini vicheko havikukatika.

Sasa njia zilikuwa mbili. Akipata nenosiri la ufunguo wa zamani uliokitia sahihi, angekihuisha cheti kile na jina lingebaki palepale. Akilikosa, angetengeneza kipya kwa jina jingine. Nenosiri lenyewe alilijua Tonton peke yake. Mzee yule alilificha utadhani ni mali ya urithi. Kyakimwa hakutaka jina lile lipotee. Akaomba boti lisubiri kidogo, akapanda pikipiki mpaka Mangobo, nyumbani kwa Tonton.

Tonton alikuwa uani na mkewe, Mama Marie-Jeanne, wakimenya ndizi za kuponda lituma. Tangu astaafu, ugonjwa wa kusahau ulikuwa unamla polepole. Alimtazama Kyakimwa, akatabasamu kwa adabu.

"Tonton, certificat ya racine kule dépôt imekufa. Mot de passe yako ilikuwa nini?"

"Mot de passe ya nini, mama?"

"Ya seva. Ile tulibebaka na toleka."

Mama Marie-Jeanne akageuza uso, mzee akichuna ganda jingine kwa kisu.

"Seva, mi sijue tena," akasema. Kisha akacheka ghafla. "Lakini toleka! Kulikuwa mutoto mwanamuke mumoja, alikuwa analia njia yote: Tonton, itaanguka! Kyakimwa. Iko wapi ule mutoto?"

"Ni mimi, Tonton."

Akamkazia macho. "Ah bon? Ulikomaa. Alors, kama ni weye, unaniuliza mimi nini? Andika jina yako. Mi sirudi kule tena."

Akarudia ndizi zake. Kyakimwa alikaa kidogo kando yake, akamenya mbili tatu, kisha akaaga.

Aliporudi ghalani alitengeneza cheti kipya cha mzizi, akaandika Kyakimwa pale palipotakiwa jina, akadhamini nacho upya cheti cha seva, kisha akakiweka kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Maonyo mekundu yakatoweka, hati zikatoka, boti likang'oa nanga. Ikabaki kusafisha, maana Tonton mwenyewe ndiye aliyemkanya kwamba cheti kilichokufa hakiachwi ndani ya mashine. Kila kompyuta ilimuuliza kama kweli anataka kumfuta Clovis Kambale. Kila mara alibonyeza ndiyo huku machozi yakimtiririka, na makarani wakampigia makofi, wakidhani analia kwa furaha.