Nilivyoifurisha Ngome ya Wafaransa

Wasomaji, acheni nijisemee mwenyewe. Mimi, mtu wa Mwandiga, nilipata kazi ya ukalimani katika kambi ya wakimbizi kwa kudai najua Kifaransa. Siku moja nesi mgeni kutoka Ufaransa akawaonyesha wakimbizi wa Burundi picha ya kwao Ufaransa: ngome ya mawe yenye minara minne, imezungukwa na maji. Katika maelezo yake nilielewa "maji" na "daraja" tu, nikatafsiri kwa huzuni: "Kwao kumefurika, limebaki daraja moja."

"Pole sana, dada!" kina mama wakamlilia. Nesi akaduwaa.

Mama mmoja akainuka, akaongea naye Kifaransa safi, wakacheka hadi machozi. Kisha akanigeukia: "Kaka, hiyo ni ngome ya kale. Handaki la maji walilichimba wenyewe kuzuia maadui, na daraja lilikuwa linainuliwa. Sasa nesi anauliza, Kifaransa ulisomea wapi?"