Muzee wa Ngozi na Kuni Zangu

Tangu wiki jana, mke wangu akipika maharage mimi natoka nje. Acheni niwaambie kwa nini.

Tulitoka mtaani kwetu Kimanga pamoja na binti yetu Furaha, tukapiga hema kando ya mto Ruzizi, jirani na kijiji cha maonyesho ambako watu huvaa ngozi na kuishi kama mababu. Majanini nikakuta gogo kavu lenye shimo refu katikati. Nikajifanya mjuzi, nikasema limechongwa na maji, kisha nikalisukumia chini ya sufuria ya maharage.

Mara muzee mmoja aliyevaa ngozi ya mbuzi akaanza kuzunguka hema letu. Anainama, anapekua majani, anaenda, anarudi.

"Ule muzee iko anatafuta nini?" mke wangu akauliza.

"Muizi yule. Ficha telefone."

Aliporudi mara ya tatu nikamkamata mkono, nikapiga kelele. Wageni na wanakijiji wakaja mbio.

"Huyu iko anatuchunguza tangu asubuhi!"

Muzee hata hakukasirika. "Mwanangu, miye natafuta muvure wetu, ule mti wenye shimo wa kukamulia ndizi za pombe. Babu yangu ndiye aliuchonga. Niliuosha, nikauanika hapa, leo tuonyeshe wageni."

Nilitaka kumwambia pole, tutakusaidia kutafuta. Furaha akaniwahi.

"Papa, si ile yenye uko unachoma?"

Watu wote wakageukia maharage yetu, yaliyokuwa yanachemka vizuri kabisa. Na mkono wa muzee bado nilikuwa nimeushika.