Sanduku Lililobonyea

Watu wakiniuliza binti yangu anafanya kazi gani, nasema anakata bongo. Wakiuliza za nani, nasema za watu. Hapo wanageuza mazungumzo. Mimi nilikuwa mpaka rangi, shule nilizipita nikizipaka kuta. Ninachokijua juu ya ubongo ni kile alichonieleza mwenyewe, mezani, kwa vikombe.

Aliweka vikombe viwili, akaacha mwanya katikati.

"Baba, hizi ni seli mbili za ubongo. Hii inataka kuiambia ile inyooshe mkono. Lakini hazigusani."

"Kwa nini?"

"Ndivyo zilivyo. Kwa hiyo hii inamwaga kemikali kidogo kwenye mwanya. Ile ya pili ina vipokezi, vinaidaka. Mkono unanyooka."

"Na kemikali inabaki hapo mezani."

"Haibaki. Ile ya kwanza ina visafirishi. Kazi yake ni kuizoa na kuirudisha ndani, itumike tena."

"Basi vina adabu kuliko wewe na vyombo vyako," mama yake akasema.

Wakati huo mama yake alikuwa hai, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Siku yenyewe tunaijua. Kijiko cha sukari kilifika kikombeni kitupu, sukari yote iko mezani. Binti aliutazama ule mkono. Yalikuwa maradhi yale yale aliyokuwa akiyachunguza kazini.

Alitaka kujua nini hutangulia kuisha, visafirishi au vipokezi, na huchukua muda gani tangu mkono uanze. Lakini bongo alizokuwa nazo ni za watu ambao hakuna aliyejua walianza lini kutetemeka. Mama yake alijulikana. Naye akasema, "Nikifa kitazameni kichwa changu. Mkimaliza nirudishieni kilichobaki. Sitaki kulala mimi huku, akili kule." Alicheka. Mimi sikucheka.

Akafa. Wakachukua walichochukua, tukazika kilichobaki. Kaburi sikulisakafia, nisije nikalivunja tena siku ya kumrudishia vyake. Likabaki udongo. Mvua ikija, linatitia. Naongeza udongo. Mvua inakuja tena.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa hanipi nafasi ya kupumua.

"Shemeji, kaburi la dada yangu litakaa kama tuta la viazi mpaka lini?"

"Muulize mwanao."

"Akifanya mazuri ni wako, akichelewa ni wangu."

Na mwanawe nikimuuliza, jibu ni moja. Anaingia jioni, anaweka mkoba, hajavua viatu. "Vipi?" "Bado, Baba." Kesho yake bado. Baada ya mvua bado. Hata kupaka nyumba nzima peke yangu hakukuchukua muda huo. Nilikuwa namsemea kwa kiti cha mama yake: unamwona mwanao? Kiti nacho kimya.

Nikachoka. Nikavaa shati la maana, nikaenda maabara.

Mlangoni nilikutana na mwanamke mfupi, sweta juu ya koti jeupe. Huyo ndiye mtunza majokofu. Wenyewe wanamwita Bi Barafu.

"Nimekuja kumchukua mke wangu," nikasema.

"Pole, Mzee. Hakitoki kitu mpaka vipande vyote vya utafiti vikatwe. Ndio utaratibu."

"Vimebaki vingapi?"

"Kimoja."

"Kipi?"

"Kile anachokiruka bosi. Mwambie akate, Mzee. Labda wewe atakusikia."

Nikaelewa nilivyopigwa chenga. Kazi ilikuwa imekwisha zamani, isipokuwa hapo.

Binti akatokea kwenye ujia, akaniona, akasimama.

"Mama yako yuko wapi?"

"Baba, tuzungumze nyumbani."

"Nyumbani unaniambia bado. Nataka nisikie la hapa."

Akafungua jokofu moja. Ukungu ukatoka. Chini kabisa kulikuwa na sanduku dogo, kona moja imebonyea.

"Aliletwa ndani ya hili," akasema. "Nililiangusha nilipolipokea. Mikono ilikuwa haishiki. Nambari huwa zinabadilishwa, nisijue nani ni nani. Lakini hili nalijua. Kila nikifungua mlango naliona, nachukua la jirani yake."

"Mpe Bi Barafu akate."

"Sitaki mtu mwingine amkate Mama."

"Wewe hukati, mwingine asikate. Unataka ajikate?"

Bi Barafu akakohoa, akaangalia ukutani. Nikadhani anaona aibu kwa ajili yetu.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kioo cha chumba chao cha kukatia. "Siondoki," nikasema. "Mtu hapaki kuta tatu akaacha ya nne. Kata."

Akakata. Mashine yenyewe ni kama kabati la baridi lenye wembe ndani. Anazungusha mpini, kinatoka kipande chembamba kuliko ganda la kitunguu, anakidaka kwa kigae cha kioo. Kingine. Kingine. Mikono ina glavu, kwa hiyo machozi alikuwa anafuta kwa bega. Nami nilikuwa nimekaa upande wangu wa kioo, nimeshika kofia. Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshasema siondoki.

Alipotoka, Bi Barafu alikuwa mlangoni.

"Vimeisha?"

"Vimeisha."

"Vyote?"

"Nimesema vimeisha, dada."

"Basi sasa naruhusiwa kusema. Huyo siye mama yako."

Binti akaishia kuvua glavu moja.

"Niliona lile bonyeo tangu siku ya kwanza. Nikajua utalikumbuka. Nilipobadilisha nambari nikahamisha na masanduku. Humo nimemweka mtu mwingine. Mama yako ulishamkata, bosi. Zamani. Siku ile uliyokuwa unaimba."

"Mimi kila siku naimba."

"Siku hizi huimbi."

Mimi ndiye niliyepata ulimi. "Na wewe ulijua muda wote huu, ukanyamaza? Naongeza udongo kila mvua, na wewe unajua?"

"Nimelala nayo vibaya, Mzee. Lakini ningesema hili silo, ningekuwa nimemwambia yumo kwenye yale mengine. Angepima huku akimtafuta mama yake, na vipimo vyake hakuna ambaye angeviamini. Mama yake angekuwa ametoa bure."

Nikavaa kofia, nikaivua tena.

Binti alikuwa hasikii tena ugomvi wetu. Alitaka kuoneshwa vigae vya mama yake. Akavitazama kimoja kimoja kwenye mwanga.

"Kuna ulichochana?" nikamuuliza.

"Hakuna hata kimoja, Baba."

Kisha akanipeleka kwenye picha zake. Zina madoa meusi, na weusi ndiyo alama ya kilichopo. "Hapa, kwa asiyeugua, pangekuwa peusi tii," akasema. "Hii ni picha ya visafirishi. Upande unaoongoza mkono wa kulia vimekwisha kabisa."

"Na vipokezi?"

Akaleta picha nyingine. Nyeusi, imejaa.

"Vipo. Karibu vyote."

"Vinafanya nini, kama hakuna kinacholetwa?"

"Vinangoja tu, Baba."



Tukapewa kilichobaki, kilikuwa tayari siku nyingi. Kinaingia kwenye kiganja. Nilikibeba mwenyewe mpaka nyumbani, na binti kila hatua ananiambia, taratibu, Baba, kana kwamba mimi ndiye mwenye tabia ya kuangusha.

Yule wa sanduku lililobonyea hatujui ni nani. Binti anasema hakuna aliyemkata kwa uangalifu kama yule. Amemlilia pia.

Tulimrudishia mama yake kilicho chake, nikachanganya saruji. Binti akaninyang'anya mwiko. Nikamwambia hajui, akasema anajua. Nikamwacha. Shemeji alikuja kukagua, akazunguka, akainama.

"Shemeji, imepinda upande wa miguuni."

"Muulize mwanao."

Imepinda kweli, maji yanatuama pale. Ningeweza kuirekebisha kwa asubuhi moja. Sijaigusa.