Nilicheza Game ya Kutisha Ili Wasimchome Binamu Yangu Kabuchai

Nimewahi kucheza game mbele ya watu karibu arobaini wenye mapanga, binamu yangu akiwa amefungwa kamba hapo chini miguuni pangu.

Nikishindwa, wanamchoma.

Wanaonijua Kibomet, hapa Kitale, wananiita Sifuna, na wanajua kazi yangu. Niko na kibanda cha PS, watu wanalipa kucheza game. Wengi wanakuja kwa mpira, lakini mimi nasukuma horror, tena zile za hadithi, zenye unachagua mwenyewe nani aishi na nani akufe. Ukiniuliza uanze na gani, nilikuwa nakuambia moja tu: Kisima.

"Na usiicheze kijinga," huwa naambia watu. "Funika madirisha, funga mlango, weka woofer mpaka mabati yatetemeke."

Hayo ndiyo maneno nilimwambia Wekoye, binamu yangu, nilipombebea mashine mpaka kwake Kabuchai, huko Bungoma. Ilikuwa saa nane mchana. Nikamwacha akicheza, nikaenda dukani kutafuta maziwa.

Nikirudi, nikasikia nduru.

Kama wewe si mtu wa Bungoma, skiza. Nduru ikilia, hakuna kuuliza. Unatoka na chenye uko nacho mkononi, jembe, panga, hata mwiko, unakimbia. Ukibaki kwa nyumba, kesho utaulizwa ulikuwa unaficha nini.

Nilipata mlango wa Wekoye umevunjwa na yeye amevutwa mpaka nje. Meno yake mawili yalikuwa kwa vumbi. Mmoja alikuwa amemkanyaga mkono, mwingine anamtwanga mgongo na mpini wa jembe, na kila akijaribu kuongea anapigwa mdomo.

"Umemweka wapi huyo mama? Sema ukweri!"

"Ni game! Woi, ni game tu!"

"Game gani inalia hivyo? Na madirisha umefunika ya nini?"

Mungu wangu. Hayo mablanketi kwa dirisha ni mimi nilisema.

Aliyekuwa na kelele kushinda wote ni jirani yake, Wakhungu. Alikuwa ashaleta petroli ya pikipiki kwa chupa. "Tusipoteze wakati! Nimesikia na masikio yangu, ni hapa!"

Akammwagia Wekoye kichwani.

Nikajirusha juu ya Wekoye. Nikachapwa rungu ya bega, hadi leo mvua ikinyesha naisikia.

"Nipeni nafasi!" nikapiga kelele. "Hiyo sauti ikitoka kwa TV, mnamwachilia. Isipotoka, mtuchome wote wawili!"

Watu wakamwangalia Mama Phelista, mjane wa hapo ng'ambo ya barabara. Yeye ndiye alipiga ile nduru ya kwanza.

"Wacheni Sifuna aonyeshe," akasema.

Shida ni kwamba Kisima haina kurudi nyuma. Ukishapita mahali, umepita. Ilibidi nianze mwanzo kabisa, na mpaka mahali pa kulia ni kama dakika ishirini na tano.

Wakatujaza kwa sitting room. Wekoye wakamlaza hapo chini, amefungwa, ananuka petroli. Mimi pad ilikuwa inateleza kwa jasho.

Hadithi yenyewe ni kijana na dada yake. Wamerudi kwa nyumba ya marehemu baba yao, na ndani kuna mtu na shoka.

Dakika tano za kwanza mapanga yalikuwa juu. Dakika ya kumi, watu wameketi.

"Si atoke na dirisha, bana!"

"Ati anaingia huko? Huyu msichana hana akili!"

Mzee mmoja akaambia wa mbele watoe kofia haoni. Naapa.

Ni Wakhungu tu alibaki amesimama kwa mlango. "Mnacheza na muuaji," alikuwa anasema. Wakamwambia anyamaze, hawasikii TV.

Kisha tukafika. Dada anagonga mlango, mwenye shoka yuko nyuma yake. Ukifungua, wote wanapona. Ukishikilia mlango, anakufa.

"Fungua!" nyumba nzima ikapiga kelele. "Fungua, ni dada yako!"

Lakini nikifungua, hakuna kulia. Na kusipokuwa na kulia, Wekoye anachomwa.

Nikashikilia.

Shoka ikaingia. Msichana akalia ile kilio, mabati yakatetemeka, damu ikapita chini ya mlango. Mama mmoja akafunika uso na leso. Yule wa jembe akainama, akaanza kumfungua Wekoye kamba bila kuambiwa na mtu.

Mimi nikalia kama mtoto. Nilijua tumepona.

"Si huyo," Mama Phelista akasema.

Yule wa jembe akaacha kamba.

"Huyu wa TV analia Kizungu. Mwenye nilisikia alikuwa anaita mayi, mayi, vile sisi tunaita mama. Na ilitoka huko kwa shamba la miwa. Nilikuwa naelekea huko, ni Wakhungu alinigeuza, akasema ni hapa kwa Wekoye."

Tukageukia mlango. Wakhungu hakuwako.

Ndipo mtu akauliza, "Kwani Dinah ako wapi?"

Dinah alikuwa mke wa Wakhungu. Mwanamke ambaye nduru ikilia popote, yeye ndiye wa kwanza kufika.

Tulimpata kwa miwa. Alikuwa amekatwa shingo, na mikono yote miwili, kwa sababu alijikinga nayo. Mwili ulikuwa bado na joto. Damu ilionyesha mahali alipoanguka na mahali alipotambaa, na alikuwa anatambaa kuja kwetu. Alikuwa anafuata zile kelele zetu za "fungua."

Daktari alisema aliisha damu polepole, labda nusu saa.

Hiyo nusu saa tulikuwa tunaangalia TV.

Wakhungu alishikwa kabla ya kuvuka mto. Polisi walimchukua akiwa bado anapumua. Sitaandika zaidi, na sitajifanya nilikuwa mbali.

Wekoye yuko hai. Anakula upande mmoja wa mdomo. Kisima niliitoa kwa mashine siku hiyo hiyo, kwa hivyo mnaoniuliza inbox, pole, tafuteni kwingine.

Lakini hii chukueni bure. Nduru ikilia, kwanza tafuta anayelia. Wa kupigwa anaweza kungoja, na mkimkimbilia yeye kwanza, angalieni vizuri ni nani anawaonyesha njia.